Chura wa Kihansi na Deni la Ulezi

Wahenga wametuachia kauli kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Tumeizoea kauli hii hata tunaitamka pasipo kuisikia, na kila tunapoitamka huwa tunamfikiria mwana wa mtu. Katika makala haya nakusudia kuipima kwa kiumbe ambaye mama zetu hawakumtungia wimbo wa kubembelezea, naye ni chura.

Nilipokuwa mtoto Kilwa Kivinje, masika yakishaingia, madimbwi ya nyuma ya nyumba yalijaa viluwiluwi. Siku moja mimi na wenzangu tuliwachota, tukawatia ndani ya kopo tupu la maziwa, tukawalisha punje za wali na makombo ya mkate, na kopo tukaliweka kivulini kwa heshima zote. Siku ya tatu maji yalinuka, na viluwiluwi wote walikuwa wanaelea. Bibi yangu hakutugombeza. Alilimwaga kopo chini ya mnazi, akauliza: "Nani kakutumeni kulea?" Hatukuwa na jibu siku ile, na mimi ambaye sasa nimepita miaka hamsini bado sina jibu lililokamilika.

Nikilitazama sasa, naona swali la bibi lilibeba maswali mawili. La kwanza: ni kwa idhini ya nani umemtoa kiumbe kwao? La pili: je, unaijua kazi uliyojitwika? Mtu aweza kulijibu la pili vizuri sana na bado akashindwa na la kwanza.

Nianze mbali, kwa vyura ambao si wa kwetu, maana kwao maswali haya yanaonekana waziwazi. Katika misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na ya Kusini kuna jamii ya vyura wadogo, wengi wao wakiwa na urefu usiozidi kidole gumba, wenye rangi kali za buluu, manjano, nyekundu na kijani. Rangi zile si pambo, ni onyo kwamba ngozi ina sumu. Huitwa vyura wa sumu ya mishale kwa sababu ya wachache miongoni mwao, hasa yule wa manjano wa upande wa Pasifiki wa Kolombia, ambaye wawindaji wa kabila la Waembera walikuwa wakisugua mgongoni mwake ncha za vishale vyao vya kupuliza.

Vyura hawa ni walezi hodari. Kwa aina nyingi, mama hutaga mayai machache juu ya jani, na baba huyalinda na kuyalowesha yasikauke. Baada ya wiki mbili hivi mayai huanguliwa, na viluwiluwi hupanda mgongoni mwa baba, naye huwabeba hadi kwenye maji yaliyotuama katika tundu la mti au katika makutano ya majani. Kuna aina moja, chura mwekundu wa Kosta Rika na Panama, ambaye mama humpeleka kila mtoto peke yake katika kikombe chake cha jani, kisha huwarudia mmoja mmoja kila baada ya siku chache, na kumtagia kila mmoja yai lisilo na mbegu liwe chakula chake. Anakumbuka kila mahali alipomwacha mwana. Ukiisoma habari hii, methali yetu ya mimba na mwana huioni tena kuwa ni ya wanadamu peke yao.

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaowafuga vyura hawa majumbani na kuwazalisha ndani ya masanduku ya kioo. Si kazi ya mchezo. Sanduku hupandwa mimea na kutandikwa majani makavu, hunyunyizwa maji kila siku ili unyevu usipungue, na joto huchungwa kwa kipimo, kwa kuwa joto la kawaida la mchana wa Kilwa laweza kuwaua wengi wao. Mfugaji hulazimika kufuga pia chakula chao: vijidudu vya udongoni visivyoonekana vyema kwa macho, na nzi wadogo wa matunda wasioweza kuruka, wanaozalishwa ndani ya chupa za ndizi zilizopondwa na kupakwa unga wa chokaa na vitamini kabla ya kutolewa kwa chura. Anayetaka kushika nafasi ya baba huyatoa mayai na kuyaweka katika kisahani chenye unyevu. Viluwiluwi wakitoka, hupewa kila mmoja kikombe chake, maana wa baadhi ya aina hulana. Hupita miezi miwili au mitatu kabla miguu haijatimia na mkia haujanywea. Wafugaji hawa siwabezi. Chura mmoja aliyezaliwa ndani ya kioo aweza kuwa chura mmoja ambaye hakuibwa msituni.

Hata hivyo, chura wa sumu anayezaliwa ndani ya kioo huzaliwa bila sumu. Rangi zake ni zilezile na mlio wake ni uleule, lakini ukimshika hakudhuru. Mwanakemia wa Marekani John Daly, aliyezichunguza sumu hizi kwa miongo kadhaa, pamoja na wenzake walionyesha kwamba vyura hawa hawazitengenezi wao wenyewe. Huzipata katika chakula, yaani katika sisimizi, utitiri na wadudu wengine wa msituni kwao. Mnyime chura chakula cha kwao, umemnyima silaha yake. Vilevile ilionekana kwamba vyura waliozaliwa kifungoni walipolishwa nzi waliotiwa sumu ya aina hiyo, ngozi zao ziliipokea na kuilimbikiza. Uwezo haukufa, ila ulikosa nchi ya kuulisha.

Kazi yangu ya kufasiri mashairi imenifunza jambo lenye sura hiyohiyo. Nimewahi kuzihamisha beti kutoka lugha ya mbali zikafika pwani yetu na rangi zake zote, vina vimekaa na mizani imetimia, na zisimchome msomaji hata mmoja. Kosa halikuwa la shairi wala la Kiswahili. Nilikuwa nimelibeba shairi, nikauacha nyuma udongo uliolilisha. Tangu hapo najihadhari na neno "kuokoa". Aliyeokoa umbo asidhani ameokoa kila kitu.

Sasa nirudi nyumbani. Mto Kihansi hushuka kutoka milima ya Udzungwa, ukaingia bonde la Kilombero, na maji yake hatimaye huungana na ya Rufiji, ambao humwaga baharini kupitia delta inayokabili kisiwa cha Mafia, kaskazini mwa Kilwa yetu. Maji ninayoyasimulia, basi, si ya ugenini. Mwisho wake ni bahari hiihii tunayovua.

Katika korongo la mto huo maporomoko yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana, na upepo wa maji ukayafanya majani yasikauke mwaka mzima. Mwaka 1996, wakati mradi wa kuzalisha umeme umekwisha kuanza kujengwa, wataalamu waliokuwa wakiyachunguza mazingira ya korongo walimkuta humo chura mdogo wa manjano asiyejulikana kwa wanasayansi. Mkubwa wake hafiki sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura wa madimbwi yetu. Mama huchukua mimba na kuzaa watoto waliokwisha timia viungo, kila mmoja akiwa mdogo kama punje ya mchele. Makao yake yote duniani yalikuwa hekta chache za manyunyu katika korongo lile, na hakupatikana penginepo.

Bwawa lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na misaada ya nchi kadhaa za Ulaya, na kati ya mwisho wa 1999 na mwaka 2000 mitambo ilianza kuzunguka, yenye uwezo wa megawati 180. Takriban sehemu tisa katika kumi za maji ya maporomoko zilielekezwa ndani ya handaki la mitambo. Manyunyu yalinyamaza. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walikusanywa wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, jijini New York, na baadaye wakagawanywa katika bustani nyingine, ikiwamo ya Toledo katika jimbo la Ohio. Wengi walikufa kabla walezi wao hawajaijua kazi waliyojitwika, na kuna wakati wote waliobaki huko hawakufika mia moja. Lakini walezi walijifunza maji, mwanga, chakula na maradhi, na vyura wakaanza tena kuzaa.

Korongoni kwenyewe yaliwekwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko, na kwa muda yalifaa. Katikati ya mwaka 2003 ilikadiriwa kwamba vyura wamefika 20,000 hivi. Kisha, katika majira hayohayo, wakaporomoka. Ulionekana ugonjwa wa ukungu wa ngozi ambao umeua vyura katika mabara mengi, na wapo waliotilia shaka pia dawa za mashambani zilizoshuka na maji. Mwanzoni mwa 2004 walionekana wachache wa kuhesabika kwa vidole, na baada ya 2005 hakuonekana hata mmoja. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Akawa hai duniani, lakini asiye na mahali duniani.

Mnamo Agosti 2010 vyura mia moja walirudi kwa ndege na kupokewa katika chumba maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa tena korongoni, chini ya mvua ya mabomba. Kazi ya kuwarudisha imeendelea kwa awamu tangu hapo.

Wapo watakaoniuliza: baina ya chura na taa, kipi bora? Ni swali la haki, na msomaji wa Unguja ana haki zaidi ya kuliuliza, kwa kuwa kisiwa chake kilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme uliopita chini ya bahari ulipokatika. Anajua maana ya maji yasiyopanda bombani na mzazi anayejifungua kwa mwanga wa karabai. Sitaki kuwa mshairi anayemlilia chura huku akiandika kwa taa. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba lau ningeulizwa mapema, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, ningelichagua taa, ingawa miaka hiyo waya wa gridi ya taifa haukuwa umetufikia Kilwa.

Lakini kuchagua si mwisho wa jambo. Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema kwamba shauri likishakatwa limekwisha, na pia na wale wanaosema kwamba kosa likishafanyika halina dawa ila majuto. Tuna methali isemayo kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hutumiwa na wenye nguvu wakiwabeza wanyonge, na kweli chura wa Kihansi hakumzuia mtu. Ila methali ile ilimjua ng'ombe anayekunywa akashiba akaondoka, maji yakabaki. Haikumwaza ng'ombe anayeyahamisha maji yote. Ng'ombe wa namna hiyo hawezi kuondoka akasema amekunywa tu. Amekwisha kuwa mlezi, apende asipende, wa kila kilichokuwa kikiishi ndani ya maji yale.

Sisi wa mkoa wa Lindi tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Kati ya 1909 na 1913, Tendaguru, kilima kilicho bara ya mji wa Lindi, palichimbwa mifupa ya mijusi mikubwa ya kale. Wachukuzi wetu waliibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandarini, na zaidi ya tani 200 zikapakiwa kwenda Ujerumani. Mmoja wa mijusi hiyo, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin na watu humiminika kumtazama. Tunapodai kwamba mifupa ile ni yetu, tunasema kweli. Lakini mfupa una subira. Waweza kungoja miaka mia moja na zaidi bila kupungukiwa, na siku utakaporudi hautahitaji ila jengo na walinzi. Chura hangoji. Kila kizazi anachozaliwa mbali na kwao hujifunza kuishi bila kwao, na siku anaporudi hahitaji jengo, anahitaji nchi iliyo hai kama alivyoiacha. Kudai kurudishiwa ni nusu ya haki, na nusu ya pili ni kuwa na mahali pa kumpokea arudiye.

Nchi hiyo haipo tena kama ilivyokuwa. Manyunyu ya Kihansi sasa hutoka katika mabomba ambayo ni lazima yasafishwe, yazibuliwe na kulindwa. Wanaoingia korongoni huosha viatu vyao kwa dawa wasije wakauingiza ugonjwa. Chumba cha Dar es Salaam hupozwa kwa mashine, kwa kuwa joto la pwani lingewamaliza vyura wa milimani. Mashine hizo hula umeme wa gridi ileile ambayo maji ya Kihansi huilisha, na ambayo tangu 2004 hulishwa pia na gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya yetu. Kwa hiyo chura analelewa kwa kitu kilekile kilichomfukuza kwao, na sisi wa Kilwa, tuliodhani ni watazamaji, tumo katika ulezi huo kwa gesi yetu. Nawe wa Unguja umo pia, kila unapowasha taa ambayo umeme wake umepita katika waya wa chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba.

Baadhi ya watu wakiyasikia haya hucheka, husema huo ni upuuzi wa gharama kwa ajili ya kijichura. Mimi naona ndiyo sura halisi ya haki baada ya kosa lisilorudishika. Tumezoea kulifikiria deni kama fedha: unalipa, unapewa hati, mnapeana mikono. Kuna deni la namna nyingine, nalo ni la ulezi. Halina siku ya mwisho. Unalitimiza leo na kesho asubuhi linakungoja mlangoni, kama mtoto anavyoamka na njaa ingawa jana alikula. Aliyemnyima kiumbe maporomoko hawezi kumlipa kwa kumnyunyizia maji mwaka mmoja au kumi. Siku atakayofunga bomba ndiyo siku ambayo kosa la mwaka 2000 litakuwa limetendeka upya, na safari hiyo hataweza kusema hakujua.

Kwa kipimo hiki naweza kuwatofautisha walezi. Yule anayemfuga chura wa rangi katika sanduku la kioo ili apendezwe naye, huenda anaijua kazi kuliko wengi wetu, lakini ulezi wake unaishia machoni pake mwenyewe. Walezi wa Bronx na Toledo walifanya kazi ileile, ya nzi na unyevu na taa, ila waliwalea vyura wale wakijua si wao. Naamini hapo ndipo penye mpaka. Ulezi wa haki huuangalia mlango utakaomtoa mwana. Na mwana akishatoka, akirudi kwao na kula chakula cha kwao, yawezekana atapata tena jambo ambalo kioo hakikuweza kumpa, ambalo hata mlezi wake hakulijua. Chura wa Amerika hupata sumu. Huyu wa kwetu sijui atapata nini, na si juu yangu kujua.

Masika iliyopita mjukuu wangu alikuja na chupa ya viluwiluwi, akaniuliza wanakula nini. Nilikaribia kumrudishia swali la bibi yangu, nikajizuia, kwa kuwa naye alikuwa na uso uleule niliokuwa nao mimi. Nilimwambia awatazame hadi alasiri, kisha awarudishe katika dimbwi lilelile alikowatoa, si jingine, kwa sababu maji ya dimbwi moja yaweza kupeleka ugonjwa katika jingine. Alasiri tukaenda pamoja. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku nne na dimbwi lilikuwa limepungua, pembeni tope limeanza kupasuka. Akawamimina taratibu, akawaangalia wakizama, kisha akaniuliza: "Babu, mvua isipokuja je?"

Tulirudi nyumbani kuchukua ndoo.